Wakaliga: Bunduki Zisizoua

Msafiri afikaye Wakaliga, mtaa wa Kampala, haoni jengo la fahari, bali ua wa udongo ambamo Isaac Nabwana, aliyepata kufyatua matofali ili apate fedha, hutengeneza filamu za vita. Hapo ndipo ilipozaliwa "Who Killed Captain Alex?" ya mwaka 2010. Bunduki ni za mbao na vyuma chakavu; damu ni rangi ya chakula. Mgeni naye hualikwa aigize: huuawa, kisha huinuka akajipangusa vumbi.

Ndugu msomaji, mji huu ulisikia mizinga ya kweli mwaka 1979 na 1986, na walioanguka hawakuinuka. Askari aliye likizoni na awapeleke wanawe Wakaliga, wakaione bunduki isiyoacha yatima.