Kobe na Sukumawiki

Mtoto akililia wembe, mpe. Ndivyo walivyonena wahenga, na ndivyo alivyotenda mwalimu mmoja wa Kiswahili aliyehamia Marekani alipomfuga kobe wa majini, yule mwenye utepe mwekundu nyuma ya jicho. Kila kobe aliponyoosha shingo kuomba, alirushiwa uduvi mkavu na vipande vya nyama. Miaka ikapita. Kobe akavimba kope hata asiweze kufumbua macho. Na kwa kuwa haoni, hali. Akawa anakufa njaa kando ya mlo wake.

Daktari wa mifugo alibaini upungufu wa vitamini A. Kobe huyo, angali mchanga, hutegemea zaidi wadudu na viluwiluwi. Akikomaa, huelekea zaidi kwenye mimea. Naam, mwalimu alikuwa akimlisha mzee chakula cha mtoto! Baada ya tiba, aliagizwa kumpa majani ya kijani kila siku na karoti iliyokunwa. Si saladi iliyopauka, ambayo ni maji matupu, wala spinachi kwa wingi, kwani oksaleti zake huzuia kalisi inayojenga gamba.

Sokoni akakuta majani mapana aliyoyajua tangu utotoni: sukumawiki! Kobe akayasusa siku nane, akinyoosha shingo kuomba uduvi. Mwalimu akajizuia, japo kwa uchungu. Siku ya tisa, kobe akauma jani.

Ama kweli, si kila wembe unaoliliwa hutolewa.