Jina Langu Katika Orodha



Mwaka huu, tulipokuwa tukisoma habari ya bustani ambamo mwanadamu aliwekwa ailime na kuitunza, kijana mmoja wa kundi letu aliinua mkono akauliza: «Mwalimu, hapa kwetu wanaochimba tunawaona. Wanaotunza ni nani?» Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, maana swali lile lilinigusa mahali ninapopajua peke yangu. Leo nataka kuwaeleza sababu.

Miaka kadhaa iliyopita, kampuni moja iliomba ruhusa ya kuchimba shaba na kobalti karibu na kijiji alikozaliwa mama yangu, kando ya kijito kinachotiririka kuelekea Lualaba. Tuliitwa mkutanoni. Wageni waliweka mezani kitabu kinene cha Kifaransa, kilichoeleza madhara ambayo mgodi ungeweza kuleta na namna ya kuyapunguza. Walizungumza kwa muda wa saa moja, tukapewa soda na pesa kidogo za usafiri, kisha ikapitishwa karatasi ya kuandika majina. Kwa kuwa mimi ni mwalimu na katekista, chifu aliniomba nitangulie ili wengine wafuate. Nikatia sahihi. Kile kitabu sikukifungua hata ukurasa mmoja. Mimi, niliyewakemea watoto wa watu miaka mingi kwa kujibu mtihani bila kusoma swali!

Mgodi ulipoanza kazi, haikupita misimu miwili ya mvua kabla maji ya kijito hayajabadilika rangi. Akina mama waliozoea kulowesha mihogo pale waliacha, wakawa wanatembea mbali kutafuta maji mengine. Tulipokwenda kulalamika, bwana aliyetupokea alitoa ile karatasi, akasema: «Wakaaji waliulizwa, wakakubali. Jina la kwanza si lako, Mwalimu?» Njia nzima ya kurudi hakuna aliyenisemesha, na ukimya wao ulinichoma kuliko matusi.

Aliyeniinua ni binti wa ndugu yangu, anayesomea sheria Lubumbashi. Alinisikiliza, kisha akasema: «Baba, sahihi ya kuhudhuria si sahihi ya kukubali. Na hata mtu aliyekubali mgodi hakukubali kunywa sumu. Njoo tusome.» Tukasoma. Ndipo nilipogundua kwamba nchi yangu ilikuwa imeandika mambo mengi ambayo sikuwahi kuwafundisha ninyi.

Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 53, yampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira yenye afya, na papo hapo yamtwika wajibu wa kuyatetea. Sheria ya vitega-uchumi ya mwaka 2002 yamtaka mwenye kuomba nafuu ya kodi aahidi kuheshimu kanuni za mazingira. Migodi ina sheria yake, ya tarehe 11 Julai 2002, iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018. Kwa sheria hiyo, mwenye kutaka kuchimba lazima kwanza achunguze madhara ya kazi yake kwa viumbe na kwa watu, aandike mpango wa kuyadhibiti, na aweke dhamana ya fedha ya kurekebisha ardhi atakapoondoka. Marekebisho ya 2018 yaliongeza neno zito: mwenye mgodi hulipia madhara yaliyotokana na kazi yake hata kama halikuonekana kosa wala uzembe wake. Asiweze kusema, «Ilikuwa bahati mbaya.»

Iko pia habari ya fedha. Mwishoni mwa mwaka 2018 kobalti ilitangazwa kuwa madini ya kimkakati, na ushuru wa kuitoa ardhini ukapanda kutoka 3,5 hadi 10 kwa mia. Ushuru huo hugawanywa hivi: sehemu 50 katika 100 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa eneo dogo la utawala lenye mgodi, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Zaidi ya hayo, kampuni hutakiwa kutenga angalau 0,3 kwa mia ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji wa karibu. Hizo 10 za vizazi vijavyo ni zenu, na za watoto ambao bado hamjawazaa.

Mtaniuliza: ikiwa yote yameandikwa, mbona kijito kilichafuka? Nimelifikiri sana. Sheria ni kama daftari la katekisimu kabatini: halimwongoi mtu asiyelifungua. Mpango wa mazingira huandikwa kwa Kifaransa cha wataalamu, husomwa na wachache, nao wanaoishi na matokeo yake huishia kuandika majina. Papa Fransisko, katika waraka Laudato Si' wa mwaka 2015, alifundisha kwamba uchunguzi wa madhara usije baada ya biashara kupangwa, bali uwepo tangu mwanzo, wazi, bila shinikizo, na wenyeji wawe na nafasi ya pekee katika mazungumzo. Kwetu mkutano ulikuja mambo yamekwisha kukatwa, na mimi nikaugonga muhuri.

Wengine husema tukiwabana wawekezaji watakwenda kwingine, nasi tutabaki na njaa. Siwadharau wasemao hivyo. Wapo miongoni mwenu ambao karo zao hulipwa na mshahara wa mgodini. Lakini nchi yetu hutoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ya ulimwengu. Mnamo Februari 2025 serikali ilisimamisha kuiuza nje kwa sababu bei ilikuwa imeanguka, na tangu Oktoba mwaka huo ikaweka kiasi maalumu ambacho kila kampuni yaweza kusafirisha. Wanunuzi hawakutukimbia, walikaa wakingoja. Basi, mlango ulioweza kufungwa kwa ajili ya bei, kwa nini usifungwe kwa anayeharibu mto? Huko nje nako wameanza kuuliza: mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulitunga sheria ya betri inayowataka wafanyabiashara wakubwa wachunguze madhara kwa watu na mazingira kule inakotoka kobalti yao. Kobalti hiyo huingia katika betri za magari yanayosifiwa kwa kutotoa moshi. Si haki hewa ya miji ya mbali isafishwe kwa maji ya kijito chetu.

Na kijiji kile? Binti yetu alipata nakala ya mpango, akatusomea jioni baada ya jioni, akiutafsiri kwa Kiswahili ukurasa kwa ukurasa. Tulikuta ahadi kwamba maji ya kijito yangepimwa mara kwa mara na wakaaji kuelezwa matokeo. Tuliinakili ahadi ile, tukaandika barua, na safari hii nilitia sahihi baada ya kusoma kila neno. Baada ya miezi mingi kampuni ilichimba kisima kimoja. Matokeo ya vipimo hatujayaona hadi leo, wala mihogo haijarudi kijitoni. Barua ya tatu imekwenda.

Kwa hiyo namjibu yule kijana, nikiwa nimechelewa: mtunzaji ni yule asomaye kabla ya kuandika jina lake, na arudiye kuuliza baada ya kuliandika. Mimi nilikuwa na elimu ya kufanya hivyo, sikuifanya. Ninyi msinifuate katika hilo.

Kwa mazungumzo ya kundi:

1. Ni mgodi au kiwanda kipi kilicho karibu na parokia yetu, na nani kati yetu ameona mpango wake wa mazingira?

2. Zile sehemu 15 katika 100 hufika wapi katika eneo letu, na tumuulize nani?

3. Ni karatasi gani tuliyoitia sahihi bila kuisoma, na je, bado tunaweza kuirudia?