Nyanya wa Brooklyn

Jumatatu, 20 Oktoba 2025

Siku ya Mashujaa, na Bondo imelala hoi. Matawi yamenyauka kwenye pikipiki, chupa tupu zimejaa mtaroni, kila mtu amekaukiwa na sauti. Mizinga 17 ya jana, ya kumzika Baba, Raila Odinga, bado inanirindima kichwani. Mama hatoki chumbani ila kunywa chai ya rangi.

Na tayari! Udongo wa Kang'o ka Jaramogi haujashika, pale stendi mzee mmoja anagawa kura zetu za 2027. Hizi kwa huyu, zilizobaki kwa yule. Nikamuuliza, na yangu umeiweka wapi? Akanicheka. "Mwalimu, wewe umo kwenye jumla."

Nimeudhika njia nzima.

Dada kapiga usiku kutoka Brooklyn. Mazishi yote aliyatazama kwenye simu, kando ya kitanda cha nyanya anayemtunza. Nyanya akamuuliza aliyekufa ni nani. Mtu tuliyempigia kura ya urais mara tano, akamjibu. Alishinda? Dada: "Hilo hatujawahi kukubaliana na serikali." Tumecheka mpaka tukalia tena.

Alhamisi, 23 Oktoba

Sanduku la barua la nyanya limefurika. Kadi za kampeni za umeya wa New York kila siku, na kila kadi inaanza na Uyahudi wake. Moja inamwambia akimchagua yule kijana, Wayahudi wa New York wamekwisha. Simu nazo, hata wakati wa dawa.

Kijana mwenyewe, Zohran Mamdani, mzaliwa wa Kampala. Mtoto wa Profesa Mahmood Mamdani, yule ambaye vitabu vyake vilitutoa jasho chuoni. Julai alikuja Kampala kufanya sherehe ya harusi. Sasa mamia ya marabi wametia saini barua ya kupinga siasa za aina yake. Nyanya anasema rabi wake ni mtu mwema, ila hakumuuliza yeye.

Si kwamba haogopi. Dada anasema haogopi kadi, anaogopa mlango wa sinagogi. Siku hizi una askari mwenye bunduki. Tangu Pittsburgh, 2018. Watu 11, Jumamosi asubuhi, wakiwa kwenye sala, siku kumi kabla ya uchaguzi. Muuaji alikuwa na hasira kwamba shirika la Kiyahudi linasaidia wakimbizi. Hilo la wakimbizi sikulijua. Limenikaa.

Na Mamdani naye, ile kaulimbiu ya intifada, alizungukazunguka mno kabla ya kusema angewashauri watu waiache. Nyanya hajamsamehe. Mjukuu wake anagonga milango ya watu akimwombea kura huyo huyo. Nyumba moja hiyo!

Jumatatu, 27 Oktoba

Wamepiga jana, zile kura za mapema. Dada kanisimulia hatua kwa hatua. Kigari cha nyanya cha kutembelea kilikwama kwenye kizingiti cha ukumbi. Karatasi ndefu, viduara vya kujaza kwa kalamu nyeusi. Mkono ukatetemeka, wino ukatoka nje ya kiduara cha kwanza, akaomba karatasi mpya. Karani akamuuliza kama anataka msaidizi. Nyanya akasema msaidizi wake ana kura yake mwenyewe, aende akaipige. Kisha akausimamisha mkoba wake juu ya meza, akajikunja nyuma yake, akajaza taratibu. Mashine ikaimeza karatasi. Kibandiko cha "nimepiga kura" akakibandika kwenye kigari.

Mkoba! Hapa Mama akiingia na msaidizi, kabla hajatoka kituoni boma zima limeshajua. Ingawa Bondo, nani angejisumbua kuuliza?

Ijumaa, 31 Oktoba

Mtoto wa nyanya amempigia mama yake kutoka Florida, hasira tupu. Huyu ni Republican wa kupindukia. Alihama chama cha mama yake kwa ajili ya Israeli, na nyanya kila mwaka humkumbusha kuwa Wayahudi wengi wa Marekani hawajahama naye. Sasa Tucker Carlson amemkaribisha kwenye kipindi chake Nick Fuentes, kijana anayemsifu Hitler bila aibu, wakaongea kirafiki. Jana Kevin Roberts, mkuu wa Heritage Foundation, akatoka kumtetea Carlson. Na majuzi tu ilivuja mizaha ya viongozi wa vijana wa chama, wakichekea vyumba vya gesi. Makamu wa Rais akasema ni utoto. Utoto, na wengine ni watu wazima wenye kazi zao!

Huyo mwana anauliza: hawa ndio waliokuwa watulinde?

Nyanya alimjibu kitu, dada hakukisikia. Mlango ulikuwa umefungwa.

Nakumbuka Septemba mwaka jana Trump aliwaambia Wayahudi kwamba akishindwa, wao watakuwa wamechangia sana. Yaani lawama inatangulia kura. Sisi huku hungoja angalau hesabu ziishe. Januari 2008, kwenye ghasia za baada ya uchaguzi, dada alitoka Naivasha na nguo aliyovaa, akapitia kituo cha polisi, akafika hapa bila viatu. Hajawahi kunisimulia hayo. Nasikia kamsimulia nyanya.

Jumapili, 2 Novemba

Mhubiri leo katuombea New York. Eti mji uko karibu kuangukia mikononi mwa maadui wa Israeli. Bendera ya Israeli iko pale madhabahuni, pembeni ya maua ya plastiki. Kutoka New York akaingia kwenye utoaji mimba, akapita kwa ushoga, akatua 2027. Mungu anapenda serikali, kwa kifupi. Watu wakaitikia amina, na mimi mdomo ukaitikia wenyewe.

Aipendaye Israeli namna hiyo, je, kuna Myahudi mmoja anayemjua kwa jina? Anayelalamika chumvi imezidi, anayeficha karatasi kwa mkoba? Wanapendwa kama unabii. Waingereza nao waliwahi kuwapenda hivyo. 1903 walitaka kuwapa Uasin Gishu, bila kuwauliza waliokuwa wakichunga ng'ombe huko. Wayahudi wenyewe walituma watu kutazama, wakakataa.

Jumatano, 5 Novemba

Ametangazwa alfajiri, kama saa kumi na moja na nusu, chai haijachemka. Zohran Mamdani, meya. Wapiga kura zaidi ya milioni mbili, hawajajitokeza hivyo tangu 1969. Kijana wa boda akapiga kelele barabarani, "Kampala juu!" Huyo hata Busia hajavuka.

Jana hiyo hiyo Trump aliandika kwamba Myahudi yeyote atakayempigia Mamdani ni mjinga, maana mtu huyo anawachukia Wayahudi. Sasa hesabu za mlangoni zinasema karibu thuluthi ya Wayahudi wamempigia, na wengi wa waliobaki wamempa mpinzani wake, Cuomo. Basi ndio hivyo, kama watu wowote wale. Wenye akili na wajinga, na amewagawa mtu ambaye hata kwenye karatasi ya kura hakuwemo.

Nimesimamia mtihani siku nzima nikiwaza 2008, tulivyokesha kwa ajili ya Obama, Kogelo wakichinja, Kibaki akatupa sikukuu ya Alhamisi. Wakati ule wazee wa Kiyahudi wa Florida walikuwa wakijaziwa barua pepe kwamba mtoto wetu ni Mwislamu wa siri, atawauza. Takriban asilimia 78 ya Wayahudi wakampa kura. Walitishwa, wakasoma, wakaamua.

Mtahiniwa wa dirishani alilala dakika ishirini. Nimemgusa bega tu.

Alhamisi, 6 Novemba

Wamechora swastika kwenye shule ya Kiyahudi, Brooklyn. Usiku ule ule wa matokeo. Rangi nyekundu. Mamdani amelaani, wote wamelaani. Nyanya ameomba dada alale sebuleni wiki hii badala ya kwenda kwake. Analipwa? nimeuliza. Dada kanyamaza, halafu: "Kuna vitu huulizi."

Kweli.

Jumapili, 9 Novemba

Sikuenda kanisani. Nimefua.

Dada ananiambia nyanya hakuamini kuna Wayahudi weusi mpaka alipoonyeshwa picha za Mbale. Abayudaya. Semei Kakungulu, 1919. Amin akawapiga marufuku, wakasali kwa kujificha. Na Gershom Sizomu, rabi, akaingia Bunge la Uganda 2016 kwa tiketi ya FDC. Nyanya akauliza, Wayahudi wa huko ni wangapi kwani? Elfu mbili hivi. Basi nani alimchagua? Waislamu na Wakristo, nyanya, majirani zake. Ikabidi aletewe maji.

Kisumu Mashariki nao wana Shakeel Shabbir, Mhindi, wamemrudisha mara kadhaa, hata 2017 alipokosa tiketi akasimama peke yake. Mambo haya yapo, ila hayatengenezi kadi nzuri ya kampeni.

Halafu dada kamweleza matusi yetu ya kampeni. Kihii, yaani asiyetahiriwa. Kwamba sisi Wajaluo hatufai Ikulu kwa sababu ya kisu ambacho hakikupita. Nyanya kacheka hadi kikohozi kikampata. Kwao wamechekwa miaka elfu mbili kwa sababu kilipita! Hiki kicheko nimekipenda kuliko hotuba zote za mwaka huu.

Jumapili, 16 Novemba

Chama cha ODM kimemaliza sherehe za miaka 20 yake Mombasa, nguo za machungwa, Oburu, kaka yake Raila, mbele. Ugunja mabango ya uchaguzi mdogo kila mti. Kasipul watu wamekufa kwa kampeni, na uchaguzi wenyewe ni wa kujaza kiti kimoja tu.

Jioni akaja mtu na daftari. Anaandika wanachama, boma kwa boma, "ili twende kama kitu kimoja." Hakuuliza. Aliandika jina la Mama, langu, hata la dada. Nikamwambia huyo ni raia wa Marekani, anapigia kura Brooklyn. Akafikiri kidogo. "Acha tu likae. Ni letu."

Mama alikuwa anachambua omena, hakuinua kichwa. Akasema: Baba nilimchagua kwa sababu nilimtaka. Ninyi mnadhani nilikuwa nafuata mkumbo?

Mtu wa daftari kaagiza chai.

Jumamosi, 22 Novemba

Haya! Jana Ikulu ya Marekani: Trump ameketi, Mamdani kasimama kando yake, tabasamu mpaka masikioni. Mtu mwenye busara sana, eti Trump. Watafanya kazi pamoja. Wiki hazijatimia tatu tangu wajinga watenganishwe na wenye akili.

Vijana wa stendi wameshangaa. Mimi nashangaa nini? Nimemwona Raila na Uhuru 2018 pale Harambee House, nimemwona na Ruto Machi mwaka huu. Wakubwa wakishikana mikono, sisi tuliotukanana kwa niaba yao tunabaki na matusi, hatuna pa kuyarudisha. Dukani kwetu kuna watu wawili hawajasalimiana tangu 2022.

Nyanya, nasikia, alizima televisheni akasema anadaiwa msamaha na watu wengi, apewe orodha.

Ijumaa, 28 Novemba

Ugunja ODM imechukua, Moses Omondi. Kasipul pia ODM. Honi tangu asubuhi. Mtu wa daftari amepita akipunga mkono utadhani amechaguliwa yeye. Amesema kesho atarudi, kuna fomu Mama hajatia kidole.

Dada kapiga sasa hivi. Jana huko ilikuwa Sikukuu ya Shukrani. Mwana alikuja kutoka Florida, mjukuu akaja, bata mzinga mezani. Walivumilia hadi supu. Baada ya hapo: Carlson, Gaza, Cuomo, swastika, nani amemuuza nani. Mwishowe wote wawili wakamgeukia nyanya. Sema ulimpigia nani. Nyanya akafuta mdomo. Atamwambia atakayeosha vyombo.

Wakaosha wote wawili, masufuria na sinia za shaba, mwana mikono ya shati imekunjwa, mjukuu anapangusa. Walipomaliza wakamkuta nyanya ameshalala, au amejifanya.

Dada anajua, nina hakika. Nimembembeleza mpaka salio likakaribia kuisha. Hasemi.

Mama alikuwa akisikiliza yote, simu iko kwenye spika. Kacheka, kicheko cha kwanza tangu mazishi. Ameniuliza pipa la maji lina kiasi gani.

Liko tupu, Mama.

"Liache hivyo hivyo. Huyo wa daftari akija kesho, mwonyeshe ndoo ilipo."