Haller Park kwa Mwendo wa Tata

Mtoto wa miezi 22 hajui kiingilio. Hajui kwamba babake ameomba ruhusa kazini siku ya Jumatano, wala kwamba mamake ameamka kabla ya alfajiri kukanda unga wa mahamri. Ukimfikisha mbele ya twiga, naye amekwisha kuona msafara wa siafu, atatazama siafu. Twaliandika jambo hili mapema kwa ajili ya mzazi anayekusudia kumtembeza kwa mara ya kwanza mtoto ambaye juzi tu alikuwa akisimama dede, na leo aenda tata huku akishika kila ukuta.

Kwetu Mombasa watoto wengi huonja starehe za namna hii kwanza katika sikukuu. Siku za Idi uwanja wa Makadara hujaa mabembea na vyombo vya kuzunguka, na watoto hufika na nguo mpya, mkono wa Idi umekunjwa ndani ya ngumi. Sisi wenyewe tulikulia hapo na hatuna neno baya la kusema. Lakini vipaza sauti ni vingi, wakubwa husukumana, na mtoto wa tata huona magoti ya watu tu. Ziko pia bustani za kisasa zenye mitelezo ya maji na mashine za umeme, na nyingi katika mashine hizo zina kipimo cha urefu mlangoni: asiyefikia alama hapandi. Wetu angesimama chini ya alama zote akipunga mkono kwa wenzake waliopanda. Ndipo tukachagua Haller Park, huko Bamburi, ambako hakuna mashine wala kipimo. Kuna miti, wanyama, na njia pana zenye kivuli.

Ilikuwako sababu nyingine. Nyanya yake mtoto alikuwa ametoka edani wiki mbili nyuma. Miezi minne na siku kumi alikuwa ndani, na mlango ulipokuwa wazi tena hakuonyesha haja ya kuutumia. Akialikwa harusini hutoa udhuru. Akiambiwa aende Lamu akakae na nduguze siku chache, husema magoti. Tulipomwambia kwamba twampeleka mjukuu wake Bamburi alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Kule machimboni?" Marehemu mumewe alifanya kazi huko katika ujana wake, kabla ya kuacha na kurudi kwenye biashara ya nguo. Nyanya mwenyewe hakupata kufika hata siku moja. Tukamjibu kwamba ndiko, lakini siku hizi ni msitu. Akasema hawezi kuamini. Asubuhi ya Jumatano tulimkuta ameketi sebuleni, buibui begani, mkoba mapajani.

Toka Mji wa Kale tulichukua tuktuk hadi zinapopatikana matatu za kwenda Mtwapa, tukavuka Daraja la Nyali, tukashuka kando ya barabara ya Malindi mkabala na lango. Safari si ndefu, lakini twashauri kutoka mapema, kabla jua halijakaa sawasawa. Kigari cha mtoto tulikiacha nyumbani, na tunafurahi kwamba tulikiacha, kwa maana mizizi na vijiwe vingeyatesa magurudumu. Leso mbili zilitosha: moja ya kumbebea, moja ya kutandika na ya kujisitiri mama wakati wa kunyonyesha.

Anayeingia leo hawezi kukisia pale palikuwaje. Ardhi ya ukanda huu ni matumbawe ya kale, mwamba ulioachwa na bahari, na mwamba huo ndio uliosagwa kuwa saruji tangu kiwanda cha Bamburi kilipoanza kazi mwaka 1954. Palipochimbwa palibaki sakafu nyeupe iliyo tupu, isiyo na hata unyasi mmoja, inayorudisha joto la jua usoni mwa mtu, na chini yake kidogo tu kuna maji ya chumvichumvi. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, aliyekuwa akifanya kazi na kampuni hiyo, alianza kupanda miti juu ya sakafu ile. Alijaribu aina 26. Tatu tu ndizo zilizosimama: mnazi, mti mmoja wenye asili ya upande wa Somalia, na mvinje.

Mvinje twaujua sote, maana ndio unaovuma kama bahari ya pili kwenye fukwe zetu, na fito zake zimo katika nyumba nyingi za pwani. Hauogopi chumvi, na mizizini mwake huishi vijidudu visivyoonekana kwa macho vinavyouvutia rutuba kutoka hewani, hata ukaweza kukua mahali pasipo udongo. Miti ikapanda juu upesi. Lakini likatokea tatizo ambalo wengi hawakulitazamia. Majani ya mvinje, yale membamba kama sindano, yalianguka yakalala chini bila kuoza. Yana ukali ndani yake, na vijidudu vya kuozesha haviyapendi. Msitu ukawa umesimama juu ya zulia kavu, na udongo haukupatikana.

Aliyetatua jambo hilo ni jongoo. Haller aligundua kwamba jongoo wakubwa weusi wenye miguu myekundu, hawa tunaowaruka njiani wakati wa mvua, huyala majani yale bila taabu. Wakakusanywa, wakaletwa, wakaachiliwa. Wakala, na kinyesi chao kikawa mboji, na katika mboji hiyo miti mingine ikaota, wadudu wakaja, ndege wakafuata wadudu. Mwaka 1984 wageni wakafunguliwa lango.

Haya tulikuwa tumeyasoma kabla ya kwenda. Mtoto hakuwa amesoma kitu. Tulikuwa hatujafika mbali na lango alipochutama ghafla katikati ya njia, mikono juu ya magoti, akanyamaza. Mbele yake alikuwa jongoo mmoja mnene kama kidole cha mtu mzima, akivuka taratibu, miguu yake ikienda kwa mawimbi kama nyasi za baharini. Baba alitaka kumwinua, kwa kuwa saa ya kuwalisha twiga ilikuwa yakaribia na watu walikuwa wakitupita. Nyanya akasema, "Mwache mume wangu atazame. Huyo twiga ana miguu mirefu, hatapotea." Akatafuta ukingo wa jiwe akakaa, akiyanyosha magoti yake, na sisi wawili hatukuwa na la kufanya ila kusimama. Jongoo alitumia takriban robo saa kuimaliza njia ile, kwa kuwa kila alipoguswa kwa ncha ya ukuti alijikunja, na kila alipojikunja ilibidi tungoje ajikunjue. Tahadhari moja kwa wazazi: jongoo haumi kama tandu, lakini hutoa maji yanayowasha ngozi na machoni ni hatari. Tazameni, msishike, na mkishika nawisheni mikono kwa sabuni kabla ya chakula.

Katika robo saa hiyo nyanya alizungumza. Hakuwa amezungumza sana tangu msibani. Alisema kwamba marehemu alikuwa akirudi jioni nyusi zimekuwa nyeupe kama za mzee, na umri wake haujatimia 25. Alikuwa na desturi ya kusimama uani na kutikisa kanzu mara tatu kabla ya kuingia ndani, hata baada ya kuiacha kazi hiyo, hata uzeeni, ambapo kanzu haikuwa na vumbi lolote. Watoto wake waliiona desturi hiyo maisha yao yote na hapana aliyejua ilitoka wapi. Baba alimtazama mamake bila kusema kitu.

Baadaye nyanya alimwuliza mfanyakazi mmoja wa bustani, "Mwanangu, wapi palipokuwa pakivunjwa mawe?" Kijana yule akamjibu kwa adabu, "Kila mahali, bi mkubwa. Hapa uliposimama pia." Akatupeleka mahali ambapo ukuta wa mwamba uliokatwa ungali waonekana nyuma ya miti, na mizizi imening'inia juu yake. Nyanya aliweka kiganja juu ya jiwe. Akasema, "Alhamdulillahi, pamepoa." Hatukumwuliza maana yake.

Twiga tuliwakuta, naam. Mgeni hupanda jukwaani na hupewa chakula cha vidonge kiganjani, na twiga huinamisha kichwa akakichukua kwa ulimi. Ulimi huo una urefu wa sentimita 45 hivi, una rangi kama ya zambarau iliyoiva, na una utelezi. Mtoto wetu aliuona ukimjia akapiga ukelele uliowageuza wageni wote. Hatukumlazimisha. Tumeona mara nyingi, si hapo tu, mzazi akimsukuma mtoto anayelia mbele ya mnyama ili picha ipatikane, na twaona si haki: picha itakaa kwenye simu, na hofu itakaa mahali pengine. Mama akashuka naye. Vidonge vyake akavichukua nyanya, akavilisha vyote, kimoja kimoja, akacheka hadi ushungi ukamteleza akaurudisha.

Kobe walikuwa jambo jingine. Hao ni wale wakubwa wa asili ya Aldabra, wanaotembea huru miongoni mwa wageni, na mtoto wa tata hukutana nao uso kwa uso, tena kwa mwendo mmoja. Wetu alimfuata mmoja hatua kwa hatua, kobe akisimama naye asimama. Hapo ndipo tulipomsimulia nyanya habari ya kiboko Owen. Maji ya tsunami ya Desemba 2004 yalipofika pwani yetu, kiboko mchanga alionekana peke yake baharini karibu na Malindi, hana mama. Aliokolewa kwa taabu kubwa akaletwa hapa, akatiwa ndani ya ua mmoja na kobe aliyekadiriwa kuwa na miaka 130 na aliyeitwa Mzee. Yule mdogo akaenda moja kwa moja kujificha nyuma yake, kama ambavyo angefanya kwa mamake.

"Na kobe akakubali?" aliuliza nyanya.

Tukamwambia kwamba mwanzoni alimkimbia.

"Kobe akimbie!" alisema, na safari hii hata mtoto alicheka, ijapokuwa hakujua cha kuchekea. Siku chache baadaye Mzee alichoka kumhama, wakawa wakilala ubavu kwa ubavu na kula pamoja, na habari zao zikaenea duniani kote.

Adhuhuri ilipoingia tulitandika leso chini ya mivinje. Tulikuwa na mswala mmoja na chupa mbili za maji ya udhu, tukasali kwa zamu ili daima awepo mtu mwenye mikono miwili ya kumshika mtoto. Chakula kilikuwa mahamri, katlesi, mayai ya kuchemsha na ndizi. Mbaazi tuliziacha kwa hofu ya kumwagika. Ndizi mfungeni vizuri, maana tumbili wa huko hawaombi. Mmoja alishuka mtini, akachagua iliyo mbivu, akaimenya mbele yetu kwa utulivu wa mtu aliye nyumbani kwake. Mtoto alimtazama, kisha akatazama mkono wake mtupu, akaonekana kuwaza.

Mamba na nyoka tuliwapita tu. Mtoto alikuwa amekwisha lala mgongoni, na sisi wengine tulikuwa na hamu ya kukaa kuliko kutembea. Kwa hesabu ya kiingilio pengine tuliona nusu ya tulichokilipia. Wenye watoto wa miaka saba au minane wataona yote na watataka kurudia, nao wapange siku nzima. Wenye mtoto wa tata wapange mambo mawili, basi, na la tatu liwe usingizi. Na kama nyumbani kuna mzee asiyeweza kwenda haraka, mchukueni pamoja. Kati ya watu wanne tuliokwenda, wawili walikuwa na mwendo mmoja tangu langoni, na bila wao tungemruka yule jongoo.

Kabla ya magharibi tulikuwa nyumbani. Mama alipokuwa akifua suruali ya mtoto alikuta mfukoni matunda matatu makavu ya mvinje, yale madogo yenye meno kama ya kombe. Jingine, la nne, lilionekana siku iliyofuata ndani ya mkoba wa nyanya, limefungwa katika pindo la kitambaa.