Kitabu cha Marehemu

Kabati langu hapa Bukoba limejaa visa vya Abunuwasi na Alfu Lela Ulela, juzuu kwa juzuu. Wanangu husema ni utoto, sibishani nao. Kinachoninyima usingizi ni kimoja: Abunuwasi wa katuni, aliyechorwa na Gado, kilichotolewa Nairobi na Sasa Sema mwaka 1996. Nilikiazima kwa rafiki yangu wa Muleba. Alipofariki nilinyamaza. Hata jina lake nilikuwa nimelifuta, nikaandika langu. Amana ile, wallahi!

Juzi nilimrudishia mjane wake. Alikiinua penye mwanga, akaliona jina la mumewe chini ya langu. Hakusema neno. Kisha akaniuliza kama nimekula.