Hofu ya Babu

Babu yangu alikuwa gadi wa gari la moshi huko Tororo tangu siku za Reli ya Afrika Mashariki, mpaka shirika hilo lilipovunjika mwaka 1977, na baadaye katika reli ya Uganda. Usiku kucha alikaa peke yake katika behewa la mwisho, taa yake mkononi, akipita porini kuelekea Soroti. Kwa hiyo sisi wajukuu tulikua tukijua kwamba mzee wetu haogopi kitu.

Miaka minne iliyopita mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka, na hatua zake zikawa fupi. Daktari alisema ni ugonjwa wa Parkinson, akampa vidonge vya levodopa. Mkono tuliuelewa, maana tuliuona kwa macho. Jambo lililotushinda lilikuwa hofu. Babu alianza kuogopa mlango wa kanisa, watu wengi sokoni, hata hodi ya mgeni. Jasho lilimtoka, moyo ukamwenda mbio, naye akasema, "Naona kama nakufa." Majirani wengine walinong'ona kwamba amerogwa. Mimi sikuamini uchawi, lakini kosa langu lilikuwa baya zaidi.

Jumapili moja, katika likizo ya Desemba, nilimpeleka Misa ya saa nne. Tulipofika mlangoni miguu yake iligoma, kana kwamba imegundishwa sakafuni. Watu wakajazana nyuma yetu. Nikaona haya, nikamwambia kwa sauti, "Babu, fanya haraka! Mtu mzima unaogopa mlango?" Alinitazama, asinijibu neno. Tukarudi nyumbani. Tangu siku ile hakutaka tena kwenda kanisani. Akawa anakaa chumbani, dirisha limefungwa.

Mwezi wa Januari nilimsindikiza kwa daktari. Nilieleza habari zote za nyumbani, isipokuwa maneno yangu ya mlangoni. Daktari akatufahamisha kwamba Mwingereza James Parkinson, aliyeueleza ugonjwa huu mwaka 1817, aliona kuwa hauigusi akili. Lakini leo yajulikana kwamba hauishii katika mikono na miguu. Chembe za ubongo zitengenezazo dopamini hufa kidogo kidogo, na kemikali nyingine zinazosaidia kutuliza moyo nazo hupungua. Kwa hiyo wasiwasi ni sehemu ya ugonjwa wenyewe, sawasawa na kutetemeka. Huwapata wagonjwa wapatao mmoja katika kila watatu, na pengine huanza miaka kadhaa kabla mkono haujatetemeka. Tena kwa wengine hofu huja wakati nguvu ya kidonge inapokwisha, na kumhimiza mgonjwa humzidishia.

Hapo nikakumbuka. Siku ile Babu alimeza kidonge saa kumi na moja alfajiri. Cha pili, cha saa tatu, tulikisahau kwa haraka ya kuvaa nguo za kanisani.

Jioni niliketi karibu naye, nikamwomba radhi. Kisha nikataka kumfariji kwa habari za Muhammad Ali, ambaye Babu alimsikiliza redioni alipopigana Kinshasa mwaka 1974. Nikamwambia kwamba Ali naye alipatwa na ugonjwa huu, na mwaka 1996 aliwasha mwenge wa Olimpiki huko Atlanta, mkono ukimtetemeka mbele ya dunia nzima. Babu akacheka, mara ya kwanza baada ya majuma mengi, akasema, "Ni kweli, bwana mdogo. Lakini Ali hakuwa na mjukuu nyuma yake wa kumwambia 'fanya haraka'."

Basi tuliandika saa za vidonge katika daftari, kama ratiba ya gari la moshi, na kila kidonge nusu saa kabla ya chakula kama tulivyoagizwa. Kizingitini tulichora mistari ya chaki, kwa sababu daktari alisema kwamba mguu uliogoma huweza kuamka ukipewa mstari wa kuvuka. Babu aliiita mistari hiyo mataruma ya reli.

Hofu haikuisha. Siku nyingine bado humshika, nasi hukaa naye mpaka ipite. Lakini Jumapili ya Pasaka tulifika kanisani mapema, watu wakiwa bado wachache. Tukasimama mlangoni. Mimi nilinyamaza. Yeye akahesabu polepole, moja, mbili, tatu, akavuka.

Ndugu wasomaji, labda nyumbani kwenu yuko mzee wa namna hii. Msimwambie aache kuogopa, kwa maana hamwezi kuuamuru mkono wake uache kutetemeka. Mwulizeni amemeza dawa saa ngapi, mpelekeni kwa daktari aieleze hofu yake bila aibu, kisha mngojeeni. Gari la moshi haliondoki mpaka gadi atoe ishara.