Kuganda si Kuzima: Lugha na Maradhi ya Tarakilishi

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini je, mgonjwa asiye na kinywa ataungama vipi? Tarakilishi, ambayo wengine huiita kompyuta na wengine ngamizi, ni mgonjwa wa aina hiyo. Haipigi kite wala haionyeshi panapouma. Sharti mwenyewe aisemee, na mwenyewe huyo aghalabu hutosheka na neno moja tu: imeharibika. Kwa fundi, neno hilo ni sawa na la mtu anayeingia zahanati akasema "naumwa", kisha akanyamaza.

Mwalimu mmoja mstaafu wa Kiswahili, mkazi wa Voi katika Kaunti ya Taita Taveta, aliufahamu ukweli huu kwa gharama. Kwa zaidi ya miaka 20 alikuwa amerekodi ngano, vitendawili na nyimbo za Wadawida kutoka vinywani mwa wazee, kwanza katika kanda za kaseti, kisha akazihamishia katika tarakilishi ya mezani iliyokuwa sebuleni kwake. Wengi wa wazee hao walikwisha kwenda jongomeo. Sauti zao zilibaki ndani ya kisanduku kile cha bati. Mwaka 2022 kisanduku kilianza vituko. Mara skrini igande kama picha ukutani, mara mashine izime ghafla katikati ya sentensi. Akampigia simu mpwa wake, fundi mjini Mombasa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Hii mashine imeharibika. Njoo uifungue."

"Nitakuja Jumamosi, mjomba. Ila inapokusumbua, hufanya nini hasa?"

"Si nimekwambia? Imeharibika!"

Kijana alicheka kwa adabu, kisha akamwomba mambo mawili. La kwanza, anunue diski ya nje siku hiyo hiyo na kunakili rekodi zote kabla ya jambo jingine lolote, kwa kuwa mashine hutengenezeka ilhali sauti ya marehemu hairekodiwi tena. La pili, aweke daftari kando ya kibodi, na kila kisa kitokeapo aandike saa, kazi aliyokuwa akiifanya, na kile alichokiona na kukisikia.

"Tabibu gani huyu," mzee akanung'unika baada ya kukata simu, "anayemwandikia mgonjwa daftari badala ya dawa?"

Hata hivyo ualimu haumtoki mtu. Daftari alilijaza kwa mwandiko wa kupendeza. Diski ya nje ndiyo aliyoiahirisha: leo jua kali, kesho mkutano wa kanisa, keshokutwa ataenda sokoni kwa pamoja. Ngojangoja huumiza matumbo.

Jumamosi ilipofika, kijana alilisoma daftari kabla hajagusa hata parafujo moja. Visa vilikuwa 11. Mara 7 mashine ilikuwa imejizima kabisa, na zote zilitokea kati ya saa saba na saa kumi mchana, wakati wa joto, mzee alipokuwa akizigeuza rekodi ndefu. Mara 4 ilikuwa imeganda bila kuzima, nyakati mbalimbali, hata alfajiri penye ubaridi, na kila mara ilikuwa ni baada ya kulifungua kabrasha moja lile lile. Pembeni mzee alikuwa ameandika: "Ikaganda, ikawa inagota ndani kama saa ya ukutani."

Hapo ndipo ilipobainika kwamba tarakilishi ile haikuwa na ugonjwa mmoja bali miwili, iliyokuwa imevaa kanzu moja. Mashine inayojizima kazi inapokuwa nzito na hewa ya moto, mshukiwa wake wa kwanza ni joto. Prosesa nyingi za kisasa hujipunguzia kasi zinapokaribia nyuzi 100 za Selsiasi, na joto likizidi hapo hujizima ili zisiungue. Mashine inayoganda kila inapolisoma faili fulani, huku diski ikigota, huashiria kwamba diski yenyewe inakufa. Diski za namna ile zina visahani vinavyozunguka na kichwa kinachosoma juu yake. Kichwa kinaposhindwa kusoma hurudi na kujaribu tena na tena, nayo mashine nzima husimama ikisubiri.

Kijana aliifikiria diski kwanza. Hakuthubutu kuendesha programu ya kuikarabati, maana diski mahututi haitwishwi kazi ya ziada kabla ya kuokolewa kilichomo. Alinakili makabrasha mazima kwanza, akaliacha lile lenye matatizo hadi mwisho. Kazi hiyo ilimchukua hadi usiku. Rekodi zote ziliokoka isipokuwa 3.

Kesho yake aliichomoa mashine kwenye umeme, akaugusa mwili wake wa chuma ili kuiondoa chaji iliyokuwa mwilini mwake mwenyewe, kisha akakifungua kifuniko. Vumbi jekundu la Voi lilikuwa limejazana kati ya mapezi ya bati yanayopozea prosesa, na feni ilizunguka kwa kujikongoja. Alilipangusa kwa brashi laini huku akiishika feni isizunguke, akaifuta krimu ya kupitishia joto iliyokuwa imekauka, akapaka mpya. Kisanduku cha kugawia umeme hakukifungua, kwa sababu vijenzi vyake huweza kuhifadhi umeme wa hatari hata baada ya waya kuchomolewa. Usiku aliiachia mashine programu ya kupima kumbukumbu; asubuhi haikuonyesha kosa lolote. Kumbukumbu ikaondolewa katika orodha ya washukiwa. Hatimaye akatia diski mpya na kusakinisha mfumo upya. Tangu hapo haikuganda wala kuzima.

Kati ya rekodi 3 zilizopotea, 2 zilipatikana tena katika kaseti zake za asili. Kaseti ya tatu ilikuwa imeota kuvu. Ilikuwa na ngano ya ajuza mmoja aliyefariki mwaka 2009, ngano yenye wimbo ndani yake. Mwalimu alijaribu kuiandika kwa kumbukumbu. Visa alivikumbuka vyote; wimbo haukurudi.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya mafundi, wala hayamhusu mwanafunzi wa Kiswahili. Historia inawasuta. Tarehe 9 Septemba 1947, katika Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani, wahudumu wa tarakilishi iliyoitwa Mark II walimkuta nondo amenaswa ndani ya mtambo. Walimgandisha mdudu yule katika daftari la kazi na kuandika saa aliyopatikana. Neno la Kiingereza lenye maana ya mdudu lilikuwa likitumiwa na wahandisi kuelezea hitilafu tangu karne ya 19, ila ukurasa ule ndio uliolitia umaarufu. La kuzingatia hapa ni kwamba kisa hicho kinajulikana leo kwa sababu kuna mtu aliyekiandika.

Kiswahili nacho hakikosi zana za kazi hii. Tarakilishi huganda, hukwama, hukokota, hujizima, hujiwasha upya, hugota, hunguruma. Kila kitenzi kati ya hivi kina maana yake mahususi, na kila kimoja kinaelekeza mkono wa fundi mahali tofauti. Wataalamu wetu wamejitahidi kuunda istilahi za sehemu za tarakilishi, wakajadiliana kwa miaka kuhusu ipi ifae kati ya tarakilishi na ngamizi. Juhudi hizo ni za kupongezwa. Hata hivyo istilahi za maradhi yake hazijashughulikiwa ipasavyo, ilhali nyingi ziko tayari vinywani mwa watu, zikisubiri tu kusanifishwa na kufafanuliwa.

Isitoshe, fasihi simulizi ambayo vyuo vyetu hukusanya nyanjani sasa imo katika diski na simu. Mkusanyaji asiyeweka nakala mbili mahali pawili tofauti anaihatarisha amana ya watu wengine. Naye anayeshindwa kueleza kilichoisibu mashine yake anamnyima fundi nusu ya dawa. Mwalimu yule alikuwa na daftari zuri, nalo likampa fundi njia. Lakini nakala, ambayo ingemgharimu safari moja tu ya sokoni, hakuwa nayo. Na kwa ajili hiyo wapo wajukuu ambao watasimuliwa ngano ya ajuza yule bila ya wimbo wake.